Sakafu ya Zege Inapoharibika: Kutoka Dalili hadi Chanzo

Mtu akiona ufa sakafuni, swali la kwanza kumtoka ni auzibe kwa kitu gani. Swali hilo ni halali, ila limewahi mno. Sakafu ya zege ni matabaka yaliyolaliana, na dalili inayoonekana juu mara nyingi imezaliwa chini. Kwa hiyo kinachotakiwa kujulikana kwanza ni tabaka lipi linalougua. Nimeona viraka vingi vikibanduka kabla ya mwaka kwisha, na mara chache sana kosa lilikuwa la saruji ya kiraka. Kosa lilikuwa kwamba aliyeziba hakujiuliza ufa umetoka wapi.

Tukianzia chini kwenda juu, kuna udongo wa asili ulioondolewa mizizi na mboji. Kuna kifusi cha mawe au moramu iliyoshindiliwa. Kuna mchanga unaofunika ncha za mawe. Kuna karatasi nzito ya nailoni inayozuia unyevu. Kuna slabu ya zege, ambayo katika nyumba za kawaida huwa na unene wa takriban milimita 100. Na juu yake kuna tabaka la kumalizia la mchanga na saruji, linalopigwa niru au kubandikwa vigae. Kila dalili itakayotajwa hapa inarudi kwenye mojawapo ya matabaka hayo. Nyingi zinarudi pia kwenye maji: yaliyozidi wakati wa kuchanganya, yaliyokosekana baada ya kumwaga, au yanayopanda kutoka ardhini.

Uchunguzi kabla ya kushika tindo

Vifaa vinavyohitajika ni nyundo ndogo, ubao ulionyooka wa mita 2, pima maji, penseli, chaki, kipande cha nailoni na mkanda wa kubandikia. Gonga sakafu taratibu kwa nyundo, hatua kwa hatua, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Zege lililoshikamana hutoa mlio mkavu na mfupi, kama wa kugonga jiwe. Lililoachana na tabaka la chini yake hutoa mlio wa debe tupu. Kila unapousikia mlio wa pili, zungushia chaki, na baada ya nusu saa utakuwa na ramani ya sakafu yako. Kisha laza ubao pande mbalimbali za chumba na utazame mwanga unaopita chini yake, kwa kuwa jicho hudanganywa kirahisi na vigae au mkeka kuhusu sehemu iliyobonyea.

Ufa nao una namna yake ya kuhojiwa. Chora mistari miwili myembamba ya penseli inayoukata, pima upana wa ufa kwenye mistari hiyo, uandike tarehe pembeni, na urudi kupima baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi mitatu. Ufa usiobadilika umelala na unaweza kuzibwa kwa utulivu. Ufa unaopanuka, au unaofunguka majira ya ukavu na kujifunga majira ya mvua, unasema kwamba kitu bado kinatembea chini yake, na hakuna kizibio kigumu kitakachodumu humo.

Nyufa na maana ya umbo lake

Nyufa nyembamba kama nywele zilizosambaa kama wavu juu ya uso wote, zenye vyumba vidogo vya sentimita chache kila kimoja, zinatokana na uso uliokauka haraka kuliko kiini, au uso uliorundikiwa saruji nyingi. Kisa cha kawaida ni fundi aliyenyunyiza saruji kavu juu ya zege lililoloa ili kunyonya maji na kumaliza mapema, kisha akalisugua sana kwa mwiko. Kina cha nyufa hizo ni cha milimita chache tu. Haziathiri nguvu ya sakafu, na kwa maoni yangu zinastahili kuachwa kama zilivyo, au kupakwa kizibio chepesi ikiwa uchafu unaoingia humo unamkera mwenye nyumba. Kuzikwangua na kupiga niru mpya juu yake ni gharama isiyo na faida.

Nyufa fupi, zilizokaa sambamba au za mshazari, na zilizoonekana siku ile ile zege lilipomwagwa, ni jambo jingine. Hizo ni kazi ya jua na upepo: maji ya juu yaliruka kama mvuke kwa kasi kuliko yale yanayopanda kutoka ndani, na uso ukavutana kabla zege halijapata nguvu ya kustahimili mvuto huo. Zinaweza kuzama sentimita kadhaa. Zikigunduliwa zege likiwa bado laini, hufungwa kwa kulisugua upya kwa ubao na kulifunika mara moja kwa nailoni au magunia yaliyoloa. Zikigunduliwa kesho yake, hujazwa kwa uji mwepesi wa epoksi, yaani gundi ya kuchanganya sehemu mbili inayokuwa ngumu.

Ufa mmoja ulionyooka unaokata chumba katikati, au unaoanzia kwenye kona ya nguzo au ya mlango, kwa kawaida ni wa kusinyaa. Zege linapokauka hupungua kiasi cha karibu nusu milimita kwa kila mita, hivyo chumba cha mita 6 hudai kupungua milimita 3 hivi. Kama slabu imeshikwa na kuta au nguzo na haikuachiwa nafasi ya kusinyaa, itajikatia nafasi hiyo yenyewe, pale ilipo dhaifu kuliko pengine pote. Kinga yake ni kukata mifereji ya makusudi siku ya kwanza, zege likiwa limeshika lakini halijawa gumu kabisa, kwa kina cha robo ya unene na kwa umbali wa takriban mita 3 kwa slabu ya milimita 100. Ufa wa aina hii huonekana zaidi katika miezi ya mwanzo, kisha hutulia. Ukiwa chini ya milimita 1 na kingo zake ziko sawa, usihangaike nao. Ukiwa mpana zaidi, upanue kidogo kwa grenda, ondoa vumbi lote, ujaze epoksi ikiwa umelala au kizibio kinachonyumbulika ikiwa bado unatembea. Uji wa saruji tupu ndio unaotumiwa zaidi na ndio usiofaa, kwa sababu nao husinyaa, na mwezi wa pili utaukuta umelegea ndani ya ufa kama jino bovu.

Ufa wa kuogopwa ni ule wenye ukingo mmoja juu na mwingine chini. Pitisha kucha juu yake: ikikwama, slabu imevunjika na upande mmoja umeshuka au umeinuliwa. Hapo suala limehama kutoka kwenye zege kwenda kwenye kilicho chini yake, na linajadiliwa katika sehemu ya kutitia. Ufa unaofuata mstari wa nondo na kutoa madoa ya rangi ya kutu una maelezo yake pia: chuma kimekaribia mno uso, kimepata maji na hewa, na kutu yake, ambayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, inalisukuma zege nje. Kuziba juu hakusaidii. Sehemu hiyo huchimbwa hadi nyuma ya nondo, chuma husuguliwa kwa brashi ya waya hadi king'ae, hupakwa kinga ya kutu, kisha hujazwa chokaa cha saruji cha kukarabatia.

Sakafu inayotoa mlio wa debe

Tabaka la kumalizia limeachana na slabu. Sababu kubwa ni maandalizi: slabu ilikuwa na vumbi, mafuta au utando wa maji ya saruji, au ilikuwa kavu kiasi kwamba ilifyonza maji ya tabaka jipya kabla halijashikana nayo. Unene nao una sharti lake. Tabaka lililokusudiwa kushikana na slabu hufaa likiwa kati ya milimita 25 na 40. Lisiloshikana nayo linahitaji angalau milimita 50 ili lijibebe lenyewe. Wengi hukosa masharti yote mawili bila kujua, wanaweka tabaka la milimita 20 juu ya nailoni au juu ya sakafu ya zamani iliyong'aa, na mwaka haujaisha linakatika vipande.

Mlio wa debe peke yake, pasipo ufa wala kucheza, hauhitaji tindo. Kona yenye ukubwa wa sahani ambayo haijavunjika kwa miaka mitano huenda ikadumu mingine kumi. Vunja pale tabaka linapobonyea ukilikanyaga, pale kingo zinapomomonyoka, au pale unapotaka kuweka vigae, kwa sababu kigae hakina uvumilivu wa kulala juu ya kitu kinachocheza. Sehemu mbovu ikatwe kwa grenda kwa umbo la mraba. Slabu ikwaruzwe hadi kokoto zionekane. Ifagiliwe na iloweshwe usiku kucha. Asubuhi maji yaliyotuama yaondolewe. Kisha upakwe uji wa saruji kwa brashi ngumu na tabaka jipya liwekwe uji huo ukiwa bado mbichi. Uji ukishakauka kabla ya kufunikwa, hugeuka kuwa utando wa kutenganisha, yaani kinyume kabisa cha ulichokuwa unatafuta.

Vumbi lisilokwisha

Unafagia asubuhi, jioni vumbi jeupe limerudi, na ukikwaruza kwa msumari uso unachimbika. Uso wa zege hilo ni dhaifu. Saruji yenyewe huhitaji maji yasiyozidi sana robo ya uzito wake ili ikomae; yaliyobaki huongezwa ili zege lifanyike kazi. Kwa mfuko wa kilo 50, lita 25 hadi 28 zinatosha, ukihesabu pia maji yaliyomo mchangani. Anayeongeza ndoo nzima ili zege liteleze lenyewe hadi pembeni ananunua urahisi wa saa moja kwa nguvu ya miaka mingi, kwa kuwa maji ya ziada hupanda juu yakibeba saruji laini na vumbi la mchanga, kisha huruka na kuacha vitundu. Kosa pacha ni kulainisha uso kwa mwiko wakati maji hayo bado yametuama juu yake, na la tatu ni kuacha zege bila kulimwagilia.

Mchanga wenye udongo una mchango wake pia. Jaza mchanga nusu ya chupa ya kioo, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu na uiache itulie kwa saa kadhaa. Utaona udongo umekaa juu ya mchanga kama tabaka laini. Likizidi kama asilimia 8 ya kimo cha mchanga, tafuta mchanga mwingine au uuoshe.

Vumbi la juujuu hutibiwa kwa dawa ya silikati ya sodiamu au ya lithiamu, ambayo huingia katika vitundu, ikaungana na chokaa kilichomo na kuugumisha uso. Kama msumari unazama milimita kadhaa, dawa haitaokoa kitu, na uso huo uondolewe kwa mashine ya kusaga hadi ufike zege gumu.

Unyevu, chumvi nyeupe na rangi inayobanduka

Kwanza tenganisha unyevu wa ardhini na ule wa hewani. Bandika kipande cha nailoni chenye mraba wa sentimita 45, ukifunga kingo zote nne kwa mkanda, na ukiache kwa muda usiopungua saa 16. Matone yakiwa upande wa chini, au zege likiwa limegeuka rangi na kuwa jeusi, maji yanatoka ndani ya sakafu. Matone yakiwa juu ya nailoni, ni hewa yenye unyevu inayogusa sakafu baridi, na tiba yake ni kupitisha hewa chumbani tu.

Maji ya ndani yana njia kadhaa. Karatasi ya nailoni haikuwekwa. Au iliwekwa ikatobolewa na matoroli. Au vipande vyake havikupishana vya kutosha. Au haikuunganishwa na kizuizi cha unyevu cha ukutani, jambo linalojulikana kwa unyevu kukaa pembeni mwa chumba na kuacha katikati pakavu. Huenda pia ardhi ya nje imejazwa hadi kuwa juu kuliko sakafu. Na huenda ni bomba. Niliwahi kurudia kiraka cha sakafu ya jiko mara mbili nikilaumu nailoni, mpaka nilipofunga mabomba yote usiku na kukuta asubuhi mita ya maji imesogea. Doa lenyewe lilikuwa limenieleza mapema: lilikuwa la mviringo, halikubadilika kiangazi wala masika, na katikati yake palikuwa na uvuguvugu, kwa kuwa bomba lililovuja lilikuwa la maji ya moto.

Unga mweupe unaotokea juu ni chumvi iliyobebwa na maji yanayopanda na kuachwa yanaporuka. Usifute kwa kitambaa kilicholoa, maana utaiyeyusha na kuirudisha ndani. Ifagie ikiwa kavu. Rangi ya kawaida ya sakafu ikipakwa juu ya zege lenye unyevu huvimba mapovu na kumenyuka. Panapowezekana, tiba ianzie nje: shusha ardhi, elekeza maji ya mapaa mbali na msingi, chimba mtaro. Ndani, epoksi maalumu ya kuzuia unyevu hupakwa juu ya zege lililosagwa, na ikishindikana, hubaki kuvunja na kuweka nailoni mpya.

Kutitia na kuinuka

Nafasi iliyojitokeza kati ya sakafu na ukingo wa chini wa ukuta, mlango ambao chini yake umeachia, mlio wa debe mzito unaotoka mbali chini ya slabu: hizo ni dalili kwamba slabu imebaki hewani. Kifusi hakikushindiliwa, au kilimwagwa chote kwa pamoja na kushindiliwa juu tu. Au maji yamekihamisha. Kifusi hushindiliwa kwa matabaka ya takriban milimita 150, kila moja likinyunyiziwa maji kiasi, na hakuna mashine ndogo inayofikia chini ya rundo la nusu mita kwa kupita juu yake mara moja.

Sakafu inayoinuka katikati kama mgongo wa kobe ina visababishi tofauti. Udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa ndio wa kwanza, na huo huenda na majira. Mizizi ya mti mkubwa ulio karibu ni wa pili. Wa tatu husahaulika: kifusi chenye mabaki ya jasi au chumvi za salfeti, ambazo zikilowa hushambulia saruji na kuivimbisha kwa miaka mingi. Ikiwa kuta nazo zina nyufa za ngazi kwenye matofali, usiendelee peke yako. Hilo ni suala la msingi wa nyumba na linahitaji mhandisi.

Maji kutuama bafuni hayahitaji maelezo marefu. Mteremko haukutosha, na sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la kutolea maji huwa zinatosha. Tabaka la juu hutolewa na kuwekwa upya kwa mteremko huo.

Pale ambapo kiraka hakitoshi

Badilisha sehemu au sakafu nzima ikiwa slabu inaendelea kushuka, ikiwa imevunjika vipande vinavyocheza, au ikiwa haina nailoni na unyevu umeenea chumba kizima. Kabla ya kuvunja, funga maji na umeme unaopita sakafuni. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini na umwagie maji unapokata, kwa sababu vumbi la zege lina silika inayoharibu mapafu. Na wakati wa kumwaga vaa buti na glavu za mpira, kwani saruji mbichi huunguza ngozi pole pole bila kuuma mwanzoni.

Kata kingo kwa mstari ulionyooka, toa zege, na usijaze chochote kabla ya kuiona na kuirekebisha sababu iliyokuleta hapo. Shindilia upya, weka mchanga, tandika nailoni ukiipandisha juu ya ile ya zamani kwa angalau milimita 150 na kuifunga kwa mkanda. Toboa ubavu wa slabu ya zamani, ingiza vipande vya nondo za milimita 12 kila sentimita 30 hadi 45, ili pande mbili zisipishane kimo baadaye. Wavu wa nondo ukae juu ya vijiwe vya zege. Ukilazwa chini kwa nia ya kuuvuta juu wakati wa kumwaga, utabaki chini ukikanyagwa. Pembeni mwa kuta na nguzo weka ukanda laini wa kutenganisha.

Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye slabu ya milimita 100 kinahitaji mita za ujazo 1.2 za zege, ambazo kwa mchanganyiko wa 1:2:4 hutumia takriban mifuko 8 ya kilo 50. Pima kwa ndoo au sanduku moja lile lile, si kwa pauro, kwa kuwa pauro ya mchanga uliolowa na ile ya mchanga mkavu hazilingani. Sawazisha kwa ubao, ngoja maji ya juu yatoweke na mng'ao uondoke, ndipo ushike mwiko. Liweke zege katika unyevu kwa siku 7, kwa magunia yaliyoloa au nailoni iliyofunika kila kona. Lipitike kwa miguu kuanzia siku ya pili, na mizigo mizito isubiri siku 28.

Siku 28 hizo ni za nguvu, si za ukavu. Zege hukauka kwa kasi ya kama milimita 1 kwa siku katika milimita 50 za kwanza, kisha kasi hushuka, hivyo slabu ya milimita 100 huweza kuhitaji miezi kadhaa kabla ya kupokea mbao, zulia la mpira au rangi isiyopitisha hewa. Rudi kwenye kile kipande cha nailoni cha sentimita 45. Ukikuta matone chini yake, kibandue, fungua madirisha, na ukibandike tena baada ya wiki mbili.